Mfupa Ukivunjika, Ni Nani Anayeuunga?

(Haya ni maneno ya mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika mwezi wa Ramadhan. Yameandikwa hapa ili na wewe ambaye hukuhudhuria uyapate.)



Ndugu zangu vijana, mama zangu na baba zangu, na wewe msomaji uliyeshika jarida hili mkononi ukingoja adhana ya Maghrib. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhan nyingine. Ama baada ya hayo, niliombwa nizungumze juu ya kijana Mwislamu na elimu. Mada hiyo ni pana, na wako waliokwisha kuizungumza vizuri kuniliko. Kwa hivyo mimi nimeiingia kwa mlango mdogo. Nitakuzungumzia mfupa. Mfupa uliovunjika, na vitu vidogo visivyoonekana kwa macho viitwavyo seli shina, ambavyo ndivyo hasa huufanya uungane tena.

Najua utaniuliza, "Mfupa na Ramadhan wapi na wapi?" Ngoja kwanza nikupe kisa, halafu utaniambia.

KISA CHENYEWE

Mwana wa khalati yangu ana miaka ishirini na sita na riziki yake ni bodaboda. Mwezi wa Shaaban, Machi 2023, alianguka akikwepa shimo barabarani, pikipiki ikamlalia mguu. Mfupa wa muundi ukavunjika. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha, mfupa ukanyooshwa, akafungwa plasta kutoka pajani mpaka karibu na vidole. Daktari akamwambia, "Kijana, hii usiiguse. Rudi kliniki tarehe hii."

Wiki za kwanza alivumilia. Lakini pikipiki ile ilikuwa ya mkopo, na mwenye kukudai hajui plasta. Ramadhan ikaingia, ikaelekea ukingoni. Maumivu yalikuwa yamekwisha. Akajiambia, "Mimi nishapona. Idd ndiyo siku ya abiria, nikilala Idd hii nimekwisha." Siku tatu kabla ya Idd alichukua beseni la maji na kisu, akaibomoa ile plasta mwenyewe nyumbani.

Siku ya pili ya Idd, aliposhuka kwenye pikipiki, mguu ukampinda. Kurudi hospitali akaona haya, maana alijua atagombezwa. Akaufunga kitambaa, akawa anachechemea. Akakandwa kwa mafuta. Tulipompeleka kwa nguvu kupigwa picha nyingine, ilikuwa mwezi wa Agosti. Miezi mitano imepita, na kwenye picha pengo linaonekana wazi. Mfupa haukuungana.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na sikuingia vizuri. Mwezi wa Septemba alikuja mtu nyumbani na mkebe wa unga. Karatasi yake imeandikwa Kizungu kizuri kabisa: seli shina, mifupa, sukari, presha, kila ugonjwa umo. Khalati hajui Kiingereza. Akaniita. "Mwanangu, wewe uko chuo kikuu. Hebu nisomee. Ni kweli haya?" Nikaisoma ile karatasi, nikaliona neno seli shina, nikakumbuka nimelisikia darasani, nikajiona msomi. Nikamwambia, "Ndiyo khalati, seli shina zipo, na ni kweli huunga mifupa."

Sikusema uwongo. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini sikumwambia kwamba mimi sijui ndani ya mkebe ule mna nini, wala sijui kama seli ikikorogwa kwenye uji inafika mfupani. Khalati akauza bangili yake ya dhahabu, ya harusi yake. Ikanunua mikebe mitatu. Ilipofika Novemba mikebe imekwisha, bangili imekwenda, na pengo liko pale pale.

Basi mada yangu ya leo ni deni. Baada ya yale nilikwenda kusoma jambo nililokuwa nimelijibu kabla ya kulisoma. Nataka ulijue na wewe, ili siku ukiitwa na khalati yako, umjibu vizuri kuliko nilivyojibu mimi.

MFUPA SI JIWE

Kosa letu la kwanza ni kuudhania mfupa kuwa kitu kikavu kilichokufa, kama mfupa wa mbuzi tuliokwisha kuula. Si hivyo. Mfupa ulio ndani yako sasa hivi unaishi. Una damu inayopita, una mishipa ya fahamu, na una seli zinazofanya kazi mchana na usiku. Ugumu wake unatokana na madini ya kalsiamu na fosfeti, na ule uwezo wake wa kupinda kidogo bila kukatika unatokana na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ni kama zege na nondo. Zege peke yake hupasuka, nondo peke yake hupinda. Vikiwa pamoja, jengo linasimama.

Tena mfupa haukai vile vile. Kila siku wako wafanyakazi wanaoubomoa kidogo kidogo palipochakaa, na wengine wanaojenga pale palipobomolewa. Kwa mtu mzima, inakadiriwa kwamba karibu sehemu moja katika kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Wewe umekaa unasoma gazeti hili, ndani yako mafundi wako kazini.

Ndiyo maana mfupa una sifa ambayo ngozi haina. Ngozi ikikatika sana hupona kwa kuacha kovu, na kovu si ngozi kamili. Mfupa ukipona vizuri, hupona kwa mfupa. Baada ya miaka, huenda hata kwenye picha usijue ulivunjika wapi. Subhanallah.

WANAGENZI WASIOCHAGUA UFUNDI

Sasa, hao mafundi wanatoka wapi? Hapa ndipo tunapofika kwenye seli shina.

Nyingi katika seli za mwili wako zimekwisha kuchagua kazi zao. Seli ya moyo ni ya moyo, ya ngozi ni ya ngozi. Haziachi kazi zikaenda kufanya nyingine. Lakini mwili umeweka akiba ya seli ambazo hazijachagua. Zifikirie kama wanagenzi waliokaa barazani kwa fundi mkuu. Bado si waashi, bado si maseremala. Akiitwa mmoja, ataambiwa "leo wewe utakuwa mwashi," naye atajifunza awe mwashi. Na kabla hajaondoka hujigawa, akaacha mwanagenzi mwingine mahali pake, ili baraza isibaki tupu. Hizo ndizo seli shina: zinaweza kujizidisha, na zinaweza kugeuka kuwa seli za kazi maalumu.

Seli shina zinazohusika na mfupa hukaa mahali pawili hasa. Pa kwanza ni kwenye utando mwembamba unaoufunika mfupa kwa nje. Ukichinja mbuzi Idd hii insha'Allah, angalia, utauona ule utando unaobanduka ukiuparura mfupa. Usiudharau, maana sehemu kubwa ya kazi ya kuunga mfupa inatoka hapo. Pa pili ni ndani, kwenye uboho, ambao wengine huuita uloto. Watoto utando wao ni mnene na una seli nyingi zaidi. Ndiyo sababu moja mtoto akivunjika mkono hupona haraka, na babu yake akivunjika vile vile huchukua muda.

Na uboho huo huo una ukoo mwingine wa seli shina, zile zinazotengeneza damu. Kwa huo ukoo wa damu ndiko wanakozaliwa wale wabomoaji niliowataja. Kwa hivyo wajenzi wana asili yao na wabomoaji wana asili yao, na kazi haikamiliki mpaka wote wawili wawepo.

KAZI INAVYOKWENDA

Hebu tuufuate mfupa wa muundi tangu uvunjike.

Kwanza ni damu. Mishipa midogo imekatika, damu imevuja, ikaganda pale kwenye mvunjiko. Mahali hapo huvimba, huwa pa moto, huuma. Sisi huona huo ni ubaya mtupu. Kumbe lile bonge la damu ndilo jukwaa la kwanza la mafundi, na ule uvimbe wa siku za mwanzo ndiyo mbiu inayopigwa. Seli za kinga huja kusafisha vifusi, na hapo hapo hutoa protini ambazo ni kama matarishi: zinakwenda kwenye utando na kwenye uboho kuwaita wanagenzi.

Pili ni gegedu. Seli shina zikifika hujizidisha, halafu huchagua kazi kwa kuangalia hali ya mahali. Palipotulia na penye damu ya kutosha, hugeuka moja kwa moja kuwa seli za kujenga mfupa. Pale katikati penye mtikisiko kidogo, ambapo damu haijafika vizuri, hugeuka kuwa seli za gegedu, kitu kile kile kilichomo kwenye sikio lako na ncha ya pua yako. Kati ya wiki ya pili na ya tatu hivi, ncha mbili za mfupa huwa zimeshikwa na bonge la gegedu na nyuzi. Mfano wake ni nyumba ya fito na udongo. Inakaa, inazuia, lakini usipande juu ya dari yake.

Tatu ni mfupa wenyewe. Mishipa mipya ya damu huingia ndani ya lile gegedu, madini huwekwa, na mahali pa gegedu panachukuliwa na mfupa mchanga. Sasa tunatoka kwenye nyumba ya udongo, tunaingia ya mawe. Kazi hii huanza kwenye wiki ya tatu au ya nne na huendelea kwa miezi. Kidole kinaweza kushika vizuri kwa wiki tatu hadi nne. Muundi wa mtu mzima huchukua kama miezi mitatu hadi mitano, na wengine zaidi.

Nne ni kusawazisha. Mafundi huwa wamejenga kwa wingi kuliko inavyohitajika, ndiyo ukipapasa pale unakuta nundu. Wabomoaji hupunguza palipozidi, wajenzi huongeza palipopungua, mpaka mfupa urudie umbo lake. Hiyo huchukua miezi, hata miaka.

Sasa rudi kwa mwana wa khalati yangu. Aliivunja plasta wiki ya sita. Maumivu yamekwisha, kweli, kwa sababu lile gegedu na mfupa mchanga vilikuwa vimezishika zile ncha zisisuguane. Lakini alikuwa bado kwenye nyumba ya udongo inayogeuzwa kuwa ya mawe. Yeye akaichukulia kama gorofa, akapandisha abiria wawili na magunia. Ndugu yangu, kuisha kwa maumivu si kuisha kwa kazi. Ukilishika hilo moja tu katika maneno yangu yote, inatosha.

KWA NINI MFUPA MWINGINE HAUUNGANI

Seli shina zinahitaji mambo matatu: utulivu, damu, na mwili usiozipiga vita.

Utulivu nishausema. Mtikisiko kidogo si kitu, bali hata husaidia. Lakini ukizidi, kila uzi unaofungwa unakatika, kila mshipa mchanga unachanika, na zile seli zinabaki kutengeneza nyuzi na gegedu lisilogeuka mfupa. Ndiyo hatari ya kukanda na kuchua mahali palipovunjika. Sisemi hili kuwavunjia heshima wazee wetu wanaounga mifupa. Wako wenye mkono mwepesi, na mabanzi yao yamesaidia watu pasipokuwa na hospitali karibu. Lakini mfupa uliovunjika haukandwi. Kile kinachokatika chini ya kiganja ndicho kile mwili ulikesha ukikifuma.

Damu ni ya pili. Mfupa wa muundi, hasa sehemu yake ya chini, hauna nyama nyingi ya kuuzunguka, na damu yake si nyingi kama ya paja. Ukivunjika vibaya na ngozi ikapasuka, hali huwa ngumu zaidi, na vijidudu vikiingia huharibu kazi yote.

La tatu ni mwili wenyewe. Sigara hubana mishipa ya damu na huchelewesha mfupa kuunga. Hilo limeonekana mara nyingi na madaktari hawabishani juu yake. Sukari isiyodhibitiwa nayo huchelewesha. Ndugu yangu yule alikuwa akivuta. Ramadhan alikuwa akiacha mchana, akilipa deni lote usiku baada ya Taraweh. Tuwe wakweli, wako wengi hapa kama yeye. Kama unaweza kukaa bila sigara kutoka alfajiri mpaka magharibi, basi uwezo wa kuiacha unao. Kilichobaki ni nia ya usiku.

WALIOFUATILIA JAMBO HILI

Sisi tuliopitia chuoni tunapenda kujisifu kwa wanazuoni wa zamani, na sifa wanastahiki. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Kurtuba katika Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kitabu kiitwacho At-Tasrif chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake upo mlango mzima juu ya mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Az-Zahrawi hakuwa na hadubini, hakuijua seli. Lakini aliangalia, akatibu, akaandika. Kumsifu bila kufanya kazi kama yake ni kujisifu kwa mali ya babu.

Katika zama zetu, miaka ya 1960, Alexander Friedenstein alikuwa Moscow akichunguza uboho. Yeye na wenzake walionyesha kwamba ndani yake mna seli ambazo, ukizihamisha mahali pengine mwilini, hutengeneza mfupa. Mwaka 1965, Marshall Urist kule Marekani aliondoa madini kwenye vipande vya mfupa, akavipandikiza ndani ya misuli ya wanyama. Mfupa mpya ukaota katikati ya nyama! Ndipo ikajulikana kwamba ndani ya mfupa mna protini zinazoziamrisha seli zijenge. Hao ndio wale matarishi wetu. Na mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walitangaza kwamba wameitambua seli shina ya mifupa ya binadamu yenyewe, ile inayozaa mfupa na gegedu na isiyogeuka kuwa mafuta.

Je, zimetumika kutibu? Ndiyo, na hapa sikiliza vizuri. Mwaka 2005, daktari Philippe Hernigou na wenzake wa Ufaransa walichapisha habari za wagonjwa 60 ambao mifupa yao ya muundi ilikataa kuungana. Walivuta uboho kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga wa mgonjwa mwenyewe, wakaukusanya ili seli ziwe nyingi kwa kila tone, wakaudunga pale penye pengo. Katika wale 60, 53 waliungana. Wale saba waliobaki, walipohesabu, waligundua kwamba walikuwa wamepata seli chache zaidi. Yaani idadi ya wanagenzi waliopelekwa kazini ilikuwa na maana.

Lakini iko njia ya zamani kuliko hiyo, na bado madaktari wa mifupa wanaitegemea sana: kuchukua kipande cha mfupa laini kutoka nyonga ya mgonjwa na kukijaza kwenye pengo. Kipande hicho kinakwenda na seli hai, kinakwenda na matarishi, na kinakuwa jukwaa. Vyote vitatu kwa mkupuo mmoja. Kuhusu kuzalisha seli kwa wingi maabara na kuzirudisha mwilini, hilo bado linafanyiwa utafiti, wala si tiba ya kila hospitali.

JE, INAJUZU?

Swali hili niliulizwa na mama mmoja: "Hizi seli si ndizo zinatolewa kwa vijusi?" Ni swali zuri. Mzozo wa vijusi ulianza hasa mwaka 1998, James Thomson wa chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, alipofaulu kuzikuza seli shina zilizotoka kwenye viinitete vya binadamu. Lakini seli tunazozizungumza leo ni zako mwenyewe, kutoka mfupa wako, zinarudi kwenye mfupa wako. Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 2003, lilijuzisha kuzipata na kuzitumia seli shina kwa matibabu ikiwa zimetoka kwenye njia ya halali, na likakataza, miongoni mwa mengine, zile za mimba iliyotolewa kwa makusudi bila sababu ya sheria. Ukiwa na jambo lako mahsusi, muulize shekhe wako. Mimi ni mwanafunzi tu.

MKEBE SASA

Turudi kwenye mkebe wa khalati. Seli shina ni kitu hai. Ikikaushwa ikawa unga rafuni, imekufa. Hata ingekuwa hai, ukiimeza inaingia tumboni, na tumbo haliijui seli shina na kipande cha nyama. Linavisaga vyote viwili. Hakuna unga wa kunywa wala kidonge kilichothibitishwa kuunga mfupa kwa seli shina. Ukiambiwa kitu kimoja kinatibu mfupa, sukari, presha na macho, jua hapo hakuna dawa, kuna biashara.

Muulize muuzaji maswali manne. Ni nini hasa kilichomo? Kinafikaje mfupani? Kilijaribiwa kwa wagonjwa wangapi, na nani aliyewahesabu? Na je, daktari anayenitibu anakijua? Atakayekasirika kwa kuulizwa, amekwisha kukujibu.

UFANYE NINI

Mwenzako akivunjika, usimvute mguu wala usiunyooshe. Ufunge kwa banzi katika hali ulivyo, kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko visicheze. Kama kuna jeraha, lifunike kwa kitambaa safi. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Akishafungwa plasta, angalia vidole. Vikiwa baridi, vikififia rangi au kuwa buluu, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, usingoje asubuhi. Mrudishe usiku huo huo. Plasta iliyobana inaweza kumpotezea mguu.

Usiingize kijiti ndani kujikuna. Usinunue dawa za maumivu kiholela dukani, muulize daktari ipi na kwa muda gani. Na tarehe ya kliniki ni tarehe ya kliniki. Kama tatizo ni nauli au mkopo, seme. Sisi vijana wa jumuiya tunachangia futari kila jioni, alhamdulillah. Tungeweza pia kumchangia mwenzetu marejesho ya miezi mitatu, asilazimike kuivunja plasta. Hili nalisema kwa uchungu, maana katika kisa hiki sote tuliona, na hakuna aliyeuliza.

Chakula nacho. Mafundi hawajengi bila mawe. Mfupa unataka protini na kalsiamu: maharagwe, kunde, mayai, samaki, maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani. Futari ya viazi karai, bhajia na sharubati ni tamu, lakini si vifaa vya ujenzi. Na toka ukae juani kidogo, maana ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, na bila hiyo kalsiamu haitumiki vizuri. Kina dada, hata uani kwenu panatosha.

Na saumu? Hilo tunalijua tangu chuoni: mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kama daktari amekwambia unywe dawa mchana na ule vizuri, usione haya kwa watu. Ruhusa ni zawadi, na zawadi haikataliwi.

MWISHO WA KISA

Desemba 2023 ndugu yangu alifanyiwa upasuaji. Madaktari walizisafisha zile ncha, wakachukua mfupa laini kutoka nyonga yake, wakajaza pengo, wakafunga kwa bamba la chuma na skrubu. Wakamwambia sigara aache, na safari hii akaacha. Walipompiga picha miezi iliyofuata, pengo lilikuwa likififia kidogo kidogo, kama alfajiri inavyoingia. Mei 2024 aliweka magongo chini. Anachechemea kidogo, lakini anatembea, na anaswali amesimama.

Seli zilizomponya alikuwa nazo muda wote. Zilikuwa zimelala nyonga kwake wakati sisi tunazitafuta kwenye mkebe.

Khalati hajanilaumu hata siku moja. Ramadhan hii tulifuturu kwake. Aliponyoosha mkono kunipa tende, niliuona ule mkono mtupu, nikashindwa kula kwa muda. Nikamwambia, "Khalati, siku ile ungeniuliza ningepaswa kukwambia sijui, ngoja nikaulize." Akacheka, akasema, "Basi sasa ushajua. Waambie wenzako."

Ndiyo nimekuja kukwambia. Kijana msomi, watu wa nyumbani wanakuamini kuliko unavyodhani. Neno lako moja linauza bangili. Usiogope kusema "sijui". Iogope nusu ya elimu inayosemwa kama elimu nzima.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atuzidishie elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.